Santuri Kwake, Gramafoni Kwangu

Mpendwa Shangazi wa safu hii, naomba unisaidie na tafadhali usinicheke, maana mimi ni mtu mzima wa miaka hamsini na tisa, fundi makochi, na juzi nimelia mbele ya mteja huku nimebana misumari mdomoni.

Ilikuwa hivi, binti yangu alikuja karakana akaniambia baba hebu sikiliza, si ndiyo hii unayoipigia mluzi kila siku, akabonyeza simu yake, ikatoka ile albamu ya roki, yote, tangu lile gitaa la mwanzo linaloingia taratibu kama mtu anayebisha hodi, na mimi nikawa tena na miaka kumi na tisa, nimelala chali sakafuni sebuleni kwa mama, na pembeni yangu yuko rafiki yangu tuliyemwita Nywele kwa ajili ya lile lundo alilofuga kichwani, ingawa leo ana upara. Albamu ile tuliinunua kwa kuchanga, tukapatana santuri ikae kwake na gramafoni ikae kwangu, ili mmoja asiweze kusikiliza bila mwenzake, na kwa miaka kumi na moja kila Jumamosi mchana alikuja na santuri kwapani, upande wa kwanza tukiusikiliza kimya, wa pili tukiimba kwa kupiga kelele, Kiingereza chenyewe tukikibahatisha tu, na raha yake Shangazi siwezi kukusimulia.

Kisha nikaoa. Wakwe zangu ni watu wa heshima zao, muziki ule kwao ulikuwa makelele ya wahuni, nami nikataka nionekane mwanamume aliyetulia, basi nikaigawa gramafoni bila kumwambia Nywele. Jumamosi akaja, akatazama pale mezani, akakuta kitambaa na chombo cha maua, akasema, "Haya," akaondoka na santuri yake. Miaka ishirini na tisa sasa! Hatukugombana, tukikutana ni habari, nzuri, basi kila mtu na njia yake.

Sasa dada yake ameniambia sikio lake la kushoto limekufa kabisa, na daktari amesema la kulia halimalizi mwaka. Yeye ni fundi saa, siku hizi anaibandika saa kwenye hilo la kulia, mlio anausikia kwa mbali tu. Mke wangu ananiambia nenda, lakini nitaanzia wapi? Nimewaza nimtumie tu albamu kwenye simu, na maneno mawili ya pole. Nimemkumbuka mno, Shangazi. Nifanyeje?

Fundi makochi

JIBU:

Fundi wangu, pole. Sikucheki, ila lazima nikuseme.

Wakwe hawakukuambia uigawe ile gramafoni, woga ulijitia mwenyewe. Na kilichomuuma mwenzako ni kwamba ulipata muda wa kupamba meza, ukakosa muda wa kumwambia. Halafu leo unataka kumtumia kwenye simu? Thubutu! Akiipata kwenye simu ataisikiliza peke yake, na hilo ndilo mlilokatazana.

Mafundi redio unawajua. Tafuta gramafoni, hata ya kuazima, weka sindano mpya, uijaribu kabla ya kutoka. Jumamosi hii mchana, hii hii, ibebe hadi kwake. Mlangoni sema, "Niliigawa bila kukuambia, nilikosea, nimeleta nyingine." Ishia hapo. Habari za wakwe zibakie nyumbani, hazijaalikwa. Akikufungia mlango, rudi Jumamosi inayofuata, na inayofuata tena, ulimzoesha kuja kwako miaka kumi na moja, sasa zamu yako. Akikukaribisha, kaa kushoto kwake, sikio zima liachie muziki. Na usizungumze mpaka upande wa kwanza uishe.

Unaogopa utakuta umechelewa, nimeliona hilo katikati ya mistari yako. Hata ukikuta na la kulia limeshakwenda, usigeuze na mzigo wako. Iwashe hivyo hivyo, mshike mkono, weka kiganja chake juu ya spika. Atakuambia mwenyewe ni wimbo gani.