Picha ya Mguu wa Mama Neema

Jumanne

Na bado nacheka. Mgonjwa wangu wa mwisho leo alikuwa Mama Neema, mjane kutoka Moshi aliyekuja huku Stratford, ughaibuni, kumtembelea bintiye, Neema. Tangu ashuke kwenye ndege, mguu wa kushoto umemvimba. Nilipomwamkia shikamoo alishtuka kusikia Kiswahili, akaitikia, kisha akaninong'oneza: "Mwanangu, hiki kipimo nimewaficha hata wenzangu wa kanisani. Kwetu altrasaundi ni ya waja wazito. Watasemaje?"

Ningecheka palepale, lakini ule mguu ulinitia wasiwasi. Damu ikiganda mguuni inaweza kupanda hadi kwenye mapafu. Neema, pale kwenye kiti, alikuwa kama hapumui.

Nikampaka jeli, nikaanza kubonyeza mshipa kwa kifaa cha altrasaundi, kuanzia kwenye paja kushuka. Mshipa wenye damu iliyoganda haubonyei. Wake ulibonyea wote, hadi chini ya goti. Nikawasha Doppler, inayosikizisha mwendo wa damu, nikaminya kigimbi, na damu ikavuma kwenye spika.

"Huyo yu hai," akasema Mama Neema.

Niliwaambia sijaona damu iliyoganda, daktari atatafuta sababu nyingine ya uvimbe. Neema akalia kidogo. Mama yake akanyoosha mkono: "Wenye mimba hupewa picha. Yangu iko wapi?"

Nikamchapishia. Sina hakika kama inaruhusiwa, kesho nitamwuliza bosi.

Anasema akirudi Moshi ataibandika kwenye friji, na wa kanisani wakiuliza, atawajibu kwamba mtoto kafanana na marehemu.