Kadi ya Abdi

Morogoro Mjini,
3 Februari 2024

Mjomba wangu Mikidadi,

Shikamoo mjomba. Natumaini kifua kimeanza kukuachia. Sisi hatujambo, Yasmin sasa anatembea, na kila anachokifikia anakivunja.

Simu yako siipati wiki ya pili, kwa hiyo barua hii nampa Frank wa lori la kabichi. Klabu yetu ya Ukungu inatimiza miaka hamsini, na mimi ndiye niliyebebeshwa kuandika historia yake. Kazi tamu kweli. Nimeshaandika jinsi mlivyochonga uwanja kwenye mteremko, hadi timu ngeni zikalalamika kwamba kipindi cha kwanza wanapanda mlima na cha pili mpira unawakimbilia korongoni. Nimeandika pia kombe la mwaka 1999, kombe letu pekee.

Hapo ndipo nilipokwama. Daftari lako la ukatibu linasema mlipokuwa mnarudi na kombe kutoka Kilosa, lori lilipinduka kwenye kona za kupandia Mgeta, akafariki mchezaji mmoja, Abdi Mwinshehe. Mjomba, Abdi anauza mchicha hapa soko kuu. Juzi nilimwamkia. Nilipomuuliza, akasema nikakuulize wewe, akageukia wateja wake.

Ni mimi mpwa wako,
Halidi

Mgeta,
11 Februari 2024

Kwako mpwa wangu Halidi,

Marahaba. Kifua ni kilekile, baridi ya huku haina huruma. Nibusie Yasmin.

Historia ya klabu ni magoli, wafungaji na viongozi. Andika kwamba tulishinda moja bila, basi. Hayo mengine ni ya sisi tuliokuwepo, na wengi wetu wameshazikwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mjomba wako,
Mikidadi

Morogoro Mjini,
6 Aprili 2024

Mjomba,

Shikamoo. Huku wazima, na wewe nakuombea uzima. Nilinyamaza miezi miwili kwa heshima tu, sikuwa nimekubali.

Abdi amekuja nyumbani mwenyewe. Anasema siku ya fainali alikuwa hoi kwa malaria, mkabandua picha yake kwenye kadi ya uchezaji, mkabandika ya mamluki, na huyo mamluki akacheza kwa jina lake. Jina la mtu huyo hakuwahi kuambiwa. Tangu hapo hapandi Mgeta, maana huko kuna kaburi lenye kibao cha jina lake. Alilia, mjomba, mtu mzima yule, mbele ya mke wangu.

Historia nimeiweka pembeni. Nataka jina la aliyelala pale, na kwao ni wapi. La kuvunda halina ubani. Nimekukasirikia, na kama ni guu, na livunjike.

Mpwa wako,
Halidi

Mgeta,
2 Mei 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi sijambo kidogo. Barua yako nilikaa nayo mfukoni wiki tatu.

Anaitwa Petro. Alikuwa mkata miwa. Nilimwona akicheza huko kwenye mashamba ya sukari, nikamchukua. Lile goli alifunga yeye. Wakati wa kurudi, tulipofika Dumila aligonga bodi ya lori, akasema, “Katibu, nishushe hapa. Hapa ndio kwetu, mama yangu anauza vitunguu pale njia panda.”

Nikamkatalia. Watu wa Kilosa walikuwa nyuma yetu, na pale Dumila angeitwa kwa jina lake. Wangejua si Abdi, tungenyang'anywa kombe. Nikamwambia atarudi kwao kesho. Jioni ile lori lilimlalia.

Ningetaja jina lake ningefungwa, na kombe lingeondoka. Nikataja lile la kwenye kadi. Tukamswalia, tukamzika kwa jina la Abdi, naye alikuwa Mkristo. Kijiji kizima kilijua si Abdi. Hakuna aliyeuliza ni nani, kwa sababu kombe lilikuwa letu.

Mama yake anaitwa Magreth. Sikumwambia. Niliogopa, Halidi, na bado naogopa.

Mjomba wako,
Mikidadi

Morogoro Mjini,
19 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Nimetoka Dumila.

Mama Petro yu hai. Macho yamepungua, lakini bado anauza. Nilimwambia mwanawe alifariki ajalini mwaka 1999, akazikwa Mgeta. Aliendelea kufunga vitunguu mpaka fungu likakamilika, ndipo akaniuliza kama siku hiyo Petro alikuwa amekula. Nikasema sijui.

Halafu akanieleza kwamba kuna mzee wa huko kwenu, jina lake halijui, yeye humwita Mzee wa Mgeta. Miaka yote, kila akipita Dumila hushuka, hununua vitunguu kwake, na humuuliza kama Petro ameleta habari. Ndugu walishaacha kuuliza, amebaki yeye peke yake. Akaniambia, “Mtafute umwambie, mwanangu, lakini taratibu. Ni mtu mzima, atashtuka.”

Mjomba, haya hukuniandikia. Nilikosa mdomo wa kumwambia kuwa mzee huyo namjua. Jumamosi nampandisha kaburini, na ameomba Mzee wa Mgeta awepo amshike mkono. Nimjibu nini?

Mpwa wako,
Halidi

Mgeta,
22 Mei 2024

Mpwa wangu Halidi,

Marahaba. Nimefyeka kaburi na kung'oa kile kibao.

Kila niliposhuka pale nilisema leo namwambia. Akinitazama, naomba vitunguu. Nyumba hii imekula vitunguu vya Dumila miaka ishirini na tano.

Mwambie ni mimi. Mwambie kulekule Dumila, kabla hajapanda gari, na usimfiche kwamba mwanawe aliomba kushuka. Akitaka kuniona, nitakuwa kaburini tangu asubuhi. Asipotaka, mwombe Abdi apande nanyi amwonyeshe, maana jina lake halipo tena pale, mimi nitakaa ndani.

Na lile alilokuuliza, mjibu. Hakuwa amekula. Kilosa tulimpa wali akaukataa, akasema atakula kwa mama yake.

Mjomba wako,
Mikidadi