Kaseti ya Mlango Uliofungwa

Jumatatu, 4 Machi

Homa haijaondoka. Kwinini inanilia masikioni kama nyuki. Chai, ndizi moja, kitanda.

Mchana huu nilipaswa kufasiri kaseti mpya ya Ba-Nyota kwenye ukumbi wa video wa Mama Zawadi. Siwezi kusimama. Kasereka kinyozi atashika mikrofoni badala yangu. Kiingereza chake ni cha mpakani Kasindi, cha kununua na kuuza, lakini ana sauti nzuri na haogopi umati. Juzi niliitazama kaseti, jana nikamweleza hadithi yote, kipande kwa kipande. Amenirudishia bila kosa. Nimeridhika. Nalala.

Jumanne, 5 Machi

Mama Zawadi alifika kabla sijanawa uso. Mabenchi yamepinduliwa. Turubai la dirishani limechanwa. Kasereka amekimbia kwa mlango wa nyuma, ameacha hata mkasi.

Nataka kuliweka sawa kichwani, kwa hiyo naandika kwa utaratibu, kama ubaoni.

Ba-Nyota ni hadithi ya chombo kinachoruka angani kwa sababu dunia ya waliomo iliungua. Juu wanakaa wanaoshika usukani. Chini wanakaa wanaotunza mashine. Nahodha ni mwanamke aliyenyoa kichwa. Mji mzima unamwita Mama Komanda. Katika kaseti hii ukuta wa chini unapasuka na hewa inavuja. Mama Komanda anaamuru mlango wa kati ufungwe. Watu wa Chini wanagonga. Kaseti inaishia hapo, wakigonga.

Sasa desturi yetu. Watazamaji hawajui Kiingereza, na sura za Wazungu zinafanana machoni mwao. Kwa hiyo mfasiri huwapa watu wa kila aina msemo wao. Askari wa chombo wanasema Kilingala. Daktari anasema kama masista. Watu wa Chini nimewapa Kiswahili changu mwenyewe, cha Mwaluru wa Mahagi, tena nakiimba kidogo. Ukumbi unacheka. Anayechekwa ni mimi, basi hakuna anayeumia.

Kasereka hajui kuimba Kialuru. Yeye ni Mnande. Aliwapa Watu wa Chini Kiswahili cha milima ya Djugu, kaskazini ya mji, kama anavyokisikia kila siku kwenye kiti chake cha kunyolea. Mwanzoni watu walicheka sana, asema Mama Zawadi. Mlango ulipofungwa hakuna aliyecheka.

Jumatano, 6 Machi

Homa imeshuka. Nilitembea hadi sokoni Mudzipela kununua sabuni. Hakuna habari nyingine ila kaseti. Wasichana walionyoa kama Mama Komanda leo wamefunga vitambaa. Muuza mchele anaapa hatamwita tena nahodha huyo Mama. Askari mmoja alisema chombo ni chombo, afadhali wafe wachache. Muuza mchele akamfukuza mbele ya meza yake, yeye na bunduki yake. Aliondoka.

Waendesha pikipiki waliniuliza kama kweli kufunga mlango kunaokoa hewa. Nikawaeleza shinikizo la hewa, kama darasani kwangu, kwa mfano wa tairi lenye tobo. Kunaokoa. Fizikia iko upande wa Mama Komanda. Hiyo ndiyo shida ya fizikia.

Jioni alikuja Lossa, fundi wa baiskeli, Mlendu. Hajakosa kaseti hata moja tangu mwanzo. Hakukaa.

"Muzee Prof, ule kinyozi anatufungia mlango. Batu ba chini ni siye. Tukufe, na batu banacheka!"

Nilimweleza kwamba Kasereka hakukusudia. Akasema bomu nalo halikusudii. Kasereka asipoondoka Bunia, hakuna Mlendu atakayekanyaga kwa Mama Zawadi. Aliondoka bila kunipa mkono. Imeniuma.

Alhamisi, 7 Machi

Leo Mama Beatrisi. Muuguzi mstaafu, Mhema, alikimbia vita vya Wahema na Walendu kule Fataki mwaka huu na watoto wa marehemu binti yake. Mpole sana kwa kawaida. Leo alisema huku analia.

"Prof, tulitoka Fataki na sufuria moja. Sasa hata mu televizyo banatufungia inje? Batu ba chini ni siye, kila mutu aliona."

Nilicheka. Kosa kubwa. Alinyanyuka aondoke, nikamwomba radhi kwa mikono miwili mpaka akarudi kukaa.

Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Wahema wa Djugu wamezungumza Kilendu tangu babu zao. Lugha yao ya zamani wameisahau. Kiswahili chao na cha Walendu kina mlio uleule. Mimi nimekaa hapa miaka mingi na siwezi kuwatofautisha kwa sikio. Kasereka aliiga sauti moja tu. Wote wawili wakajisikia ndani yake. Tena wote wawili nyuma ya mlango. Hakuna aliyekuja kwangu kulalamika kwamba amefanywa Mama Komanda.

Ijumaa, 8 Machi

Nimegombana na Mama Zawadi. Anataka kugawa siku. Wahema Jumatatu na Alhamisi, Walendu Jumanne na Ijumaa. Vijana wenye silaha wamepita mara mbili wakitazama grupe yake, jenereta ya umeme, kama mtu anayetazama mbuzi wa sikukuu. Grupe hiyo ndiyo inayolisha nyumba yake. Anaogopa. Ana haki ya kuogopa.

Nilimwambia hapana. Visima vimegawanyika. Soko linagawanyika. Pikipiki zinauliza jina lako kabla ya kuuliza uendako. Mabenchi yake ndiyo mahali pa mwisho mjini ambapo Lossa na Mama Beatrisi wanashtuka kwa wakati mmoja. Akigawa siku, hazitaungana tena. Sijawahi kuona kitu kilichogawanywa kwa hofu kikaunganishwa na ujasiri.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha:

"Prof, weye unasema muzuri. Sale ikiwaka moto, utaifasiri?"

Sale ni ukumbi wake, na moto haufasiriki. Lakini amenipa siku moja. Jumapili, baada ya misa, kaseti ileile, watu wote. Benchi moja likipinduka, anagawa siku. Nimekubali.

Jumamosi, 9 Machi

Miguu inauma. Nimezunguka tangu asubuhi.

Kwanza kwa Lossa. Nilimwambia Mama Beatrisi alikuja akilia na lalamiko lilelile, karibu kwa maneno yaleyale. "Bongo," akasema. Uongo. "Bale njo banafunga mlango!" Yaani Wahema ndio wanaofunga. Alizungusha gurudumu muda mrefu bila kulitengeneza. Kisha akauliza kama kweli yule mama alilia.

Mama Beatrisi aliuliza swali moja tu: "Lossa wa baiskeli? Alisema ile?" Akaendelea kuchambua maharage.

Nilichowaomba ni hiki. Kesho Watu wa Chini hawatafasiriwa na mimi wala Kasereka. Watapewa sauti na wao wawili, kwa Kilendu chenyewe. Mimi nitabaki na Watu wa Juu. Lossa alicheka kwa mara ya kwanza wiki hii. "Mimi? Mu televizyo?" Mama Beatrisi alisema atasali kwanza.

Kasereka amejificha kwa shangazi yake. Amekonda kwa siku chache. Nilimwambia aje asimame karibu yangu. Anasema watamkata. Nikamwambia wakimkata yeye watanikata mimi kwanza, na mimi ni mgumu. Hakucheka.

Itawezekana. Nimefundisha darasa lisilonitaka mara nyingi. Unaanza tu.

Jumapili, 10 Machi

Walikuja. Sikutegemea wengi hivyo. Wahema kushoto, Walendu kulia, benchi la katikati tupu kama mto. Kasereka alisimama nyuma yangu, nilisikia pumzi yake shingoni. Vijana wanne walikaa mlangoni, mikono ndani ya makoti. Mama Zawadi alishika kamba ya grupe, akanitazama kama mtu anayetazama daktari wa meno.

Nilieleza utaratibu kwa ufupi. Kwa ufupi wangu mimi, yaani mtu mmoja alipiga kelele, "Prof, washa!" Pande zote mbili zikacheka. Mara ya kwanza.

Lossa alichukua mzee wa mashine. Mama Beatrisi alichukua mwanamke anayegonga mlango. Nusu ya kwanza ilikuwa mbaya. Lossa aliona haya, alichelewa, alimjibu mtu ambaye alikuwa ameshatoka kwenye picha. Watu walimzomea, lakini kama wanavyomzomea mchezaji wa timu yao.

Kisha hewa ikaanza kuvuja. Nilitoa amri ya Mama Komanda kwa Kiswahili, waziwazi, bila kuilainisha. Fungeni. Mlango ukafungwa. Mama Beatrisi akaanza kusema.

Sikuelewa hata neno. Kasereka hakuelewa. Mama Zawadi hakuelewa. Ukumbi wote ulielewa. Nilijua tu kwamba maneno yake hayakuwa ya kaseti, maana mdomo wa mwanamke wa televisheni ulifungwa na yeye akaendelea. Hakuwa anatazama televisheni tena. Lossa naye aligeuka, akaacha picha, akamjibu yeye. Mtu wa kushoto alitupa neno. Benchi la kulia likaitikia. Nilimuuliza jirani yangu wanasema nini.

"Ngojea, Prof."

Mimi, mfasiri, nikangojea.

Kaseti iliisha. Chenga zikajaa kwenye kioo. Wao wawili waliendelea, na hakuna aliyesogea. Walipomaliza, bibi mmoja alipenga kamasi kwa sauti kubwa na watu wakacheka. Kijana mmoja wa mlangoni alitema mate chini akatoka. Wenzake wawili wakamfuata. Wa nne alibaki.

Baadaye, tukikunja turubai, Lossa alinifasiria. Mama Beatrisi alikuwa ameuliza mlangoni kama kuna mtu upande ule, na kama kuna nafasi. Lossa akamjibu kwamba wako upande mmoja wa mlango, mama, hawaonani kwa giza tu. Awasogeze watoto mbali na mlango, kile chuma ni cha moto.

Hakuna benchi lililopinduka.

Jumatatu, 11 Machi

Mama Zawadi hatagawa siku. Alishona turubai tu na kuandika ubaoni saa ileile kwa watu wote. Sijivuni. Kidogo.

Lossa ametengeneza baiskeli ya Kasereka na kukataa kuongea naye. Ni mwanzo.

Jumatano, 13 Machi

Kaseti mpya haikufika. Barabara ya Mahagi imefungwa, na mfanyabiashara anayetuletea hakuthubutu kupita. Mama Zawadi aliwaambia watu warudi nyumbani. Wengine walirudi. Wengi waliingia wakakaa, grupe imezimwa, televisheni imefunikwa kitambaa. Hakudai kiingilio.

Wakabishana. Je, Watu wa Chini wana hewa yao wenyewe? Mama Beatrisi anasema wanayo, kwenye mapipa ya mashine. Lossa anasema mapipa ni ya mafuta. Yule kijana wa nne, aliyebaki Jumapili, alisema mlango unaweza kufunguliwa kutoka chini. Watu wote wakamgeukia athibitishe. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilikaa kwenye benchi la katikati na kumenya karanga.

Milio ya risasi ilisikika mbali, upande wa Irumu. Tukasikiliza. Ikakoma. Mama Beatrisi akarudi kwenye mapipa.

Karibu na mlango, penye mwanga, Kasereka alikuwa ameweka kiti chake. Lossa alikuwa amekikalia, taulo shingoni, kichwa kimeinama, wembe unashuka nyuma ya sikio. Alibishana bila kuinua macho.

"Kata polepole," alimwambia Kasereka. "Siyamaliza kusema."

Kasereka alikata polepole. Saa kumi na moja tulienda nyumbani, kila mtu na njia yake, jua likiwepo bado.