Shimo Katikati ya Nyasi

Jumatatu, 3 Februari

Sijamwambia mtu: ninamdanganya Mzee Emase. Wiki mbili zilizopita, mikono ikimtetemeka, aliniomba nimwandikie barua kwa chifu. Akifa asizikwe hapa bustanini. Azikwe nyumbani kwao, Moding. Akaweka alama ya kidole gumba. Akasema niipeleke siku hiyo hiyo, chifu aje amsikie mwenyewe. Nimefika mlango wa ofisi mara tatu. Watu wengi. Nimerudi.

Kila asubuhi nikimwagilia miche anauliza, "Chifu anakuja lini?" Nasema kesho.

Jumatano, 5 Februari

Mzee amefariki alfajiri. Hospitalini. Barua imo ndani ya daftari hili.

Nimekaa chini ya mti wangu, siala. Nilikuwa na miaka sita aliponipa mche wake, akanifundisha jina. Kila mtoto wa Malaba aliyekuja hapa alipewa mmoja. Ujanani alikuwa wakala wa forodha. Wenzake walijenga maghorofa. Yeye alinunua ploti hii, akapanda miti, akang'oa lango ili kila mtu aingie. Akanunua nyingine. Huko Moding alinunua kinamasi kizima, kisilimwe, chemchemi isikauke. Maisha yake yote, hivyo tu. Mtoto wa muuza ndizi na mtoto wa wakili walipanda bembea moja. Mimi nilisomea mtihani wa mwisho hapa, malori yakinguruma nyuma ya miti.

Najichukia.

Ijumaa, 7 Februari

Kizito, mwanawe mkubwa, ameleta vijana. Wameanza kuchimba kaburi katikati ya nyasi, tulipokuwa tukicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira. Hati ya ploti bado ina jina la Mzee. Na huku kwetu kila mtu anajua: penye kaburi la baba, ardhi ni ya wanawe. Hakuna atakayewaondoa. Tayari kuna mtu anapima mahali pa kuegesha malori.

Hilo ndilo Mzee aliloliogopa.

Jumamosi, 8 Februari

Kikao cha mazishi. Nilisimama na barua.

"Wewe ni nani wetu?" Kizito aliuliza.

"Si ni yule bubu wa kumwagilia maua," mtu akasema nyuma. Wakacheka.

Nikasoma. Nikaruka mstari. Nikaanza upya.

Mama Kizito, mjane, alichukua karatasi, akaisogeza karibu na macho. "Huu mstari kwenye kidole ni kovu la panga. Nililifunga mimi. Huyu ni mume wangu."

"Mama, hata chifu hajaiona hiyo barua," Kizito akasema.

"Si huyu hapa amekaa? Mpe aione. Halafu wewe, Kizito, nenda ufukie lile shimo."

Chifu aliisoma mara mbili. Akaiweka kwenye faili lake.

Jumapili, 16 Februari

Jana tulimzika Moding, karibu na chemchemi. Maji yalisikika wakati wa maombi.

Leo bustani imetulia. Pale kwenye shimo pamebaki udongo mwekundu tu. Mama Kizito amenipa mche wa siala, nimeupanda hapo. Watoto wanauzunguka wakicheza.

Watu wananiita jasiri. Barua haina tarehe. Hakuna aliyeuliza iliandikwa lini. Ningeipeleka siku ile, angesema mwenyewe, kwa mdomo wake, mbele ya chifu. Alingoja.

Nimemwagilia miche yote. Nilipopita kiti chake nilisema polepole, "Chifu amekuja, Mzee."

Daftari, zile kesho zangu zote, baki nazo wewe. Usimwambie mtu.