Amri Iitwayo Rudi

Jumatatu, 3 Machi

Leo Mama Pacha kalia ofisini. Si kilio cha kujificha chooni. Kalia palepale mezani, mikono juu ya kibodi. Siku kumi na moja za kazi zimefutika! Fomu zote za kupokea wagonjwa alizokuwa anaitengenezea hospitali moja, mteja wetu. Alitaka kuhamia tawi jingine, yaani nakala nyingine ya kazi hiyohiyo, achungulie kitu, akaandika *rudi*, na Ghala likarudisha kila faili kama lilivyokuwa mwanzo. Bila kuuliza. Bila hata kukohoa.

Acha niandike waziwazi, maana mdomoni halitoki. Ghala, programu tunayotunzia matoleo ya kazi zetu, niliiandika mimi, miaka sita iliyopita. Aliyeona ni ujanja kuipa amri moja kazi mbili — kuhama tawi, na kutupa mabadiliko — ni mimi.

Mama Pacha hajui. Eti, nimekosea mwenyewe, dada, vidole vyangu vina haraka. Nikamshika bega.

Jumanne, 4 Machi

Bosi kaniita. Nikaona heri nusu shari, nikampa na barua yangu ya kuacha kazi, mwisho tarehe 21. Baba Binti, mume wangu, kashapata nyumba huko aliko. Miaka miwili tunalea mtoto kwa simu. Imetosha.

Bosi akaisoma taratibu, akaikunja. Sawa mwanangu, nani akuzuie? Ila mkataba unasema ukabidhi kazi kwa kuridhisha. Na mimi bado sijaridhika. Tengeneza kwanza hilo Ghala lako. Sitaki mtu alie tena hapa.

Amri moja tu, nikajiambia. Kazi ya kunywea chai.

Nilipomsimulia Baba Binti akauliza: huko kuridhika kwake kunapimwa kwa kipimo gani?

Alhamisi, 6 Machi

Nimeshinda kwenye kiti cha plastiki nyuma ya migongo ya watu, naangalia wanavyoandika. Aibu niliyoiona! Mmoja kabandika karatasi pembeni ya skrini: "Ikigoma andika rudi. Ikigoma tena, rudi mara mbili. Ikigoma kabisa, zima kompyuta." Mwingine ananakili folda yake nzima kila baada ya saa moja, anaificha mahali Ghala haliioni. Programu ya kutunza kazi — watu wanaificha kazi isiiguse!

Ijumaa, 7 Machi

Nimeipasua *rudi*. Sasa ni *hamia*, kwenda tawi jingine, na *tupa*, kutupa mabadiliko. Kila moja na kazi yake.

Bosi kasema *tupa* ni neno kali, litawatisha wateja. Tuliite *safisha*. Safisha! Nani aliwahi kuogopa kusafisha? Mtu ataandika *safisha* kama anavyofuta meza, na jasho la wiki nzima liende na vumbi. Nikamwambia, bosi, hapa tunataka waogope kidogo. Akacheka. Akakubali, ila kwa macho ya mtu anayeandika deni moyoni.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeweka onyo: "Una hakika?" Nikamwomba Mama Pacha ajaribu. Akaandika *tupa*, onyo likatokea, akabonyeza ndiyo hata kabla sijavuta pumzi.

— Mbona hukusoma?
— Nimesoma.
— Limesemaje?
— Limesema... si limeuliza kama nina hakika? Nami nina hakika.

Onyo lisilosema kitu ni kelele. Nimeliandika upya: "Mafaili 14 yana kazi ambayo haijahifadhiwa. Kazi hiyo itatupwa." Afadhali. Lakini bado mtu mwenye haraka atapita nalo.

Jumatano, 12 Machi

Limenijia nikiwa nafua sare ya binti. Kwa nini nitupe kweli? Tupa iweke kwenye kapu! Vilivyotupwa vikae humo siku thelathini, na iwepo amri ya tatu: *okoa*. Sikungoja nguo zikauke. Kufika mchana ilikuwa inafanya kazi.

Mama Pacha kajaribu. Akatupa, akaokoa, vyote vikarudi. Akatupa tena, makusudi, akaokoa tena, anacheka kama mtoto. Hapo moyo ukanisuta. Nikamwambia: ile *rudi* niliiandika mimi.

Kicheko kikakatika.

Akasema, kumbe. Kisha: siku kumi na moja, dada, na ukanishika bega.

Akachukua mkoba wake akaenda.

Ijumaa, 14 Machi

Babu Skripti kaja juu. Si babu kwa umri, ila kakaa hapa kuliko sisi sote, na kazi zake zote zinajiendesha kwa skripti, orodha za amri alizozitunga mwenyewe. Arobaini na tatu. Zote zinaita *rudi*. Ukiiondoa *rudi*, mtoto wa watu, umeniondoa mimi!

Bosi kaamua: *rudi* ibaki, na mpya ziwepo. Basi amri moja iliyobebeshwa kazi mbili sasa zimekuwa nne. Nilichoambulia ni kimoja: *rudi* nayo itupie kapuni. Na Bosi kataka nipitie skripti zote za Babu nihakikishe hakuna inayovunjika.

Zote?

Zote, mwanangu. Si unakabidhi?

Jumanne, 18 Machi

Skripti ya ishirini na sita. Moja inaita nyingine, hiyo inaita ya tatu, ya tatu inairudia ya kwanza. Hata Babu mwenyewe hajui kwa nini. Anasema usiiguse, inafanya kazi.

Nyumbani vitu vimeingia kwenye maboksi. Binti kauliza, mama, tunaenda au tunabaki? Nikasema tunaenda. Akaniangalia kama anavyomwangalia mwalimu wake wa hesabu.

Mama Pacha anapita mezani kwangu bila salamu. Siku ya nne kazini.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemaliza! Skripti zote zinapita. Watu wanahama, wanatupa, wanaokoa. Ile karatasi ya pembeni ya skrini imebanduliwa.

Nikadhani nimefunguliwa mlango. Kumbe kazi nzuri ndiyo kufuli lenyewe. Bosi kafurahi mno — kashawaahidi wateja wawili Ghala hilihili. Na nani atalijua ndani nje kama si wewe? Nikamkumbusha: kesho ni tarehe 21. Akasema, kesho ni kesho.

Ijumaa, 21 Machi

Lori la vitu lilishaondoka asubuhi. Baba Binti yuko nje getini, binti kwenye kiti cha nyuma. Naandika harakaharaka, Bosi kaenda ghorofani kutafuta muhuri. Fomu yangu ya kuachiliwa iko hapa mezani, kalamu yake juu yake. Kasema amebakiza kitu kimoja kidogo, kisha ataridhika.

Niongeze mstari mmoja chini ya kila onyo: "Ukikwama, piga namba hii." Namba yangu.

Kila *tupa*, kila *rudi*, kwa kila mteja. Nilipomtazama akasema ni kwa muda tu, mpaka wazoee.

Mama Pacha kaja akasimama nyuma ya kiti changu. Kasoma skrini. Mara ya kwanza kusema nami tangu Jumatano ile:

— Usiandike, dada. Nitakuwa wa kwanza kukupigia. Tena usiku.

Sikujua kama ni utani. Hakuondoka.

Honi. Ya pili. Binti kateremsha kioo, ananiita kwa sauti yake yote.

Viatu vya Bosi kwenye ngazi. Nimeshaandika tarakimu nne za namba yangu —