Gasketi Mpya Iko Kabatini

Jumatano, Bunda. Asubuhi mvua, mchana jua la kuchoma, na mimi nilinuna kuanzia alfajiri.

Mume wangu ni mtu mzima hovyo. Neno hili naliandika hapa ili nisilitamke mbele ya watoto.

Wiki nzima pikapu yetu inanuka oili iliyoungua. Ukipanda kilima harufu inaingia mpaka kwenye viti, unakohoa, macho yanawasha. Na kila mwanaume wa mtaa wetu wa Nyasura ana jibu lake. Jirani anasema tuweke oili nzito. Shemeji anasema tuuze. Mume wangu mwenyewe, Baba Zena, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule, eti ringi za pistoni zimeisha, injini ishushwe. Msyuu! Ringi zingekuwa zimeisha, moshi ungetoka nyuma kwenye ekzosi. Huu unatoka chini ya boneti. Hata kuku wangu wanauona.

Ningewaacha wabishane mpaka Idi. Ila leo ilikuwa siku ya mwisho ya madaktari wa macho waliokuja Musoma, na mama yangu yuko Butiama, jicho la kushoto limejaa ukungu na la kulia limeanza. Gari likizima njiani, mama anarudi nyumbani na giza lake.

Kwa hiyo kulipokucha nikamburuta Baba Zena mpaka Manyamanyama, kwa fundi Magesa. Boneti ikafunguliwa. Oili ilikuwa imetoka kwenye kifuniko cha juu cha injini, ikachuruzika hadi kwenye bomba la ekzosi, na pale kwenye moto ndipo ilipokuwa inaungulia. Gasketi inayoziba kifuniko kisivuje imekwisha kabisa.

Na gasketi gani! Kipande cha boksi la sabuni. Alikikata Baba Zena kwa mkasi wangu wa kushonea, miaka ile ya uhaba na foleni, spea tukizisikia kwa watu tu. Wakati ule sikumlaumu, hata mkasi nilimpa mwenyewe. Lakini leo, maduka yamejaa mpaka barazani, kila kitu ruksa, fundi naye anavuta boksi jingine akate!

Nikauliza, si tuna gasketi mpya?

Baba Zena akatazama chini.

Aliinunua Musoma mwaka jana, mara tu maduka yalipoanza kujaa. Iko kabatini sebuleni, nyuma ya glasi za wageni, ndani ya karatasi yake. Nilikuwaga naifuta vumbi, jamani, nikidhani anangoja nafasi ya kuifunga.

"Ile ni ya akiba, Mama Zena."

Akiba ya nini?

"Mambo yanaweza kurudi."

Nilirudi nyumbani kwa miguu kwenye tope, nikaileta, nikamkabidhi fundi mkononi ili mwenye akiba asiiguse. Ikafungwa, bomba likafutwa, oili ikaongezwa. Fundi akatuambia harufu itabaki kidogo mpaka mabaki yaishe kuungua, na kweli, tulipofika Kiabakari hewa ilikuwa safi.

Midomo yangu ndiyo haikuwa safi. Njia nzima nilimchamba. Nilimwambia anaishi kama panya, anaficha hata asichokula. Nilimwambia watu wa aina yake watazikwa na akiba zao. Tulipokwisha kumchukua mama Butiama, yeye akawa anamkwepesha mashimo.

Musoma tuliwahi. Daktari akammulika mama macho yote mawili, kisha akauliza kama aliwahi kupewa dawa yoyote.

Mama akatabasamu. Akafungua fundo la khanga, akatoa chupa ndogo ya matone, kizibo hakijavunjwa. Alipewa zahanati wakati wa kuvuna pamba. Mimi sikuwa na habari.

"Sijaigusa, daktari," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayengoja kusifiwa. "Nilikuwa nangoja jicho lizidi."

Daktari akaigeuzageuza ile chupa. Akasema presha ya jicho ilihitaji matone kila siku, tangu siku ile. La kushoto halirudi. La kulia litabaki na nusu ya uwezo wake, akianza leo.

Baba Zena alikuwa kando yangu, amesikia kila neno. Alikuwa na haki ya kunirudishia yote niliyomtupia barabarani. Akamshika mama mkono, akamwongoza hadi kwenye gari, akamfungulia mlango. Afadhali angenisema.

Sasa mama yuko kwetu, chumba cha watoto. Jioni hii nimemtia matone ya kwanza, na tone moja likapotea shavuni. Akalipangusa kwa kidole, akajaribu kulirudisha jichoni.

Nikamwambia aache, mama, dawa siku hizi zinauzwa, chupa ikiisha tutanunua nyingine.

Akanigeuzia lile jicho lililobaki.

"Hata mafuta ya taa walisemaga hivyo kabla ya foleni, mwanangu."