Sauti ya Zuhura

Jumatatu, 1 Septemba
Mazoezi ya kikundi changu cha kuimba, kama kila Jumatatu. Nusu ya wanawake hawakuja. Wako kwa Zuhura, mke wa mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kuimba alipoletwa hapa Msowero bibi harusi. Leo Diwani kamchagua aongoze nyimbo kwenye mkutano wa hadhara. Mimi hakuniuliza. Miaka yote nimewaimbia mimi. Naona wivu. Naandika hivyo hivyo.

Alhamisi, 4 Septemba
Diwani kasema wafugaji wametutangazia vita. Ng'ombe wanamaliza mahindi, basi vijana wajiandae kuwatoa bondeni kwa nguvu. Zuhura akaimba: bonde ni letu, mgeni funga mzigo. Uwanja mzima ukainuka. Ule wimbo ni wangu, wa harusi. Kabadili maneno tu. Maneno mabaya. Lakini kilichoniuma si maneno. Ni vigelegele.

Jumamosi, 6 Septemba
Naserian, mwanamke wa wafugaji, kaniletea maziwa kama kawaida. Hakukaa kupiga soga.
"Mama, bonde tulipewa na mkutano wa kijiji, nawe ulikuwepo. Diwani kampa tajiri alime miwa. Ng'ombe tuwapeleke wapi?"
Nikaenda kuona mwenyewe. Kweli. Uzio, trekta, matuta ya miwa palipokuwa malisho. Ndiyo maana ng'ombe wanaingia mashambani. Diwani kagawa bonde, sasa anatugombanisha ili asiulizwe.

Jumapili, 7 Septemba
Nimewaeleza mdogo wangu na mkewe. Mdogo wangu kamtazama mkewe. Zuhura kaniambia, kwa adabu zake zote, "Wifi, nakuheshimu. Lakini hicho ni kijicho."
Nimerudi nyumbani. Kijicho ni kweli. Na miwa ni kweli. Nani atayatenganisha?

Jumatano, 10 Septemba
Nimesimama kikaoni, nimesema yote. Mwenyekiti wa kijiji hata hakuinua uso. "Mama, kaa. Tunajua kinachokusumbua." Wakacheka. Wanawake niliowafundisha nao wakacheka. Nawachukia wote.

Ijumaa, 12 Septemba
Vijana waliondoka asubuhi wakiimba wimbo ule. Wamechoma maboma ya bondeni. Kijana mmoja wa wafugaji amekufa. Mdogo wangu amekatwa panga, amepelekwa hospitali Kilosa. Sikujua kama alikwenda nao.
Diwani yuko Morogoro. Simu haipatikani. Trekta limelima kutwa.
Naserian kapita barabarani na watoto na ndama, wanaelekea Mikumi. Nilimwita. Hakugeuka.

Jumapili, 14 Septemba
Diwani karudi. Mkutano tena. Anasema damu ya mwenzetu isipotee bure, kazi imaliziwe. Akamwita Zuhura aanzishe wimbo. Zuhura akasimama.
"Niliimba, mume wangu akakatwa, mtoto wa watu akafa. Siimbi. Kwanza tuambie, Diwani, ile miwa ni ya nani?"
Vigelegele. Yale yale niliyosema mimi Jumatano!
Vijana wakaanza kuuliza na wao. Diwani kaingia kwenye gari.
Jioni katuma mtu kwangu. Kesho kuna mkutano mwingine Mvumi, kijiji jirani. Niongoze mimi, sauti yangu ndiyo ya zamani, watu wanaiheshimu. Nilichokitamani wiki mbili. Nilimwacha mjumbe mlangoni muda mrefu, mrefu kuliko inavyopasa. Niliwaza hata nitavaa nini.
Nikasema hapana.

Jumanne, 16 Septemba
Nimeshinda hospitali na Zuhura. Tumemwosha mdogo wangu, tumembadilishia shuka. Daktari anasema mkono utapona, ila jembe atalishika kwa taabu. Wamekuja watu wa Msowero kumwona mgonjwa. Wote wanamshika Zuhura mikono. Mwanamke jasiri, wanasema. Mkutano wa Mvumi haukufanyika.
Hakuna anayejua kwamba nami nimekataa. Sikuwaambia. Hata kukataa, Zuhura kanitangulia.
Nilimpa uji. Akanywa, akasema, "Ahsante, wifi." Akasinzia ameegemea bega langu. Bega likafa ganzi. Sikumwamsha.